Mji Niliobeba Mgongoni

2 Septemba

Mungu alitumia siku sita kuumba dunia, na ukiitazama vizuri utaona alikuwa na haraka. Mimi, Melle Hofstra, nauumba upya mji wa Veenmuiden peke yangu, kwa miguu yangu miwili, na wangu hautakuwa na kosa hata moja. Kabla ya mwaka mpya nitakuwa nimemaliza. Baada ya hapo halmashauri wakitaka kunichongea sanamu sitawazuia, ila pua wasiifanye kubwa.

Kazi yenyewe ni hii. Mgongoni nabeba skana, mkoba mzito wenye kichwa kinachozunguka juu ya kisogo changu kama taa ya ambulensi. Kila nipitapo inarusha mionzi isiyoonekana, inagonga kuta, miti, mabomba ya mvua, mpaka paka aliyelala dirishani, kisha inarudi na vipimo. Vipimo vinaingia kwenye kompyuta ya bosi wangu, dada Fenna, na humo unazaliwa mji wa pili, sawasawa na huu, tofali kwa tofali. Tunauita Pacha. Ukitaka kujua mafuriko yatafika wapi, unamwaga mvua kwenye Pacha, mji wenyewe unabaki mkavu. Chuo cha ufundi tuliachana mwaka wa kwanza. Wao wanasema walinitoa, mimi nasema niliwaacha. Na leo nani amebeba mji?

Ninakaa na Bibi Geesje, mama yake baba. Daftari hili ni lake.

"Melle, unaongea kuanzia kahawa ya asubuhi mpaka viazi vya jioni," alisema. "Chukua, liambie hilo. Masikio yangu yapumzike."

"Bibi, siku moja watalisoma shuleni."

"Wakijifunza humo namna ya kufunga mdomo, sawa."

3 Septemba

Mitaa ya sokoni yote. Kiatu cha kushoto kinavuja.

9 Septemba

Leo zamu ya mtaa wetu wenyewe, Turfkade. Nilipaka nywele mafuta.

Turfkade ni safu moja ya nyumba nyembamba kando ya mfereji, zimeegemeana kama walevi wanaorudi nyumbani. Chini yake hakuna ardhi ya maana, ni udongo mweusi wa mabua yaliyooza, laini kama keki. Nyumba zimesimama juu ya nguzo za miti zilizopigwa chini na watu ambao hata makaburi yao hayaonekani tena. Nguzo ikikaa ndani ya maji haizeeki. Maji ya ardhini yakishuka, ikapata hewa, inaoza, na nyumba inaanza kukaa kitako polepole. Ndiyo maana halmashauri wanamtaka Pacha, waone nani anazama.

Tunayeshirikiana naye ukuta ni Mzee Gerlof Ypma. Anatengeneza vinanda vya mtaani, vile vikubwa vya kusukumwa kwa magurudumu, vyenye wanasesere wanaogonga kengele. Kinanda hicho hakipigwi kwa vidole. Kinalishwa kitabu cha karatasi ngumu zilizotobolewa matundu, kila tundu na noti yake, kitabu kimoja wimbo mmoja. Vitabu vyake vimejaa chumba cha chini ya nyumba, vingine alivitoboa mwenyewe ujanani. Alikuwa mlangoni anapaka mwanasesere rangi ya mashavu.

"Hilo dude lako linaona mpaka wapi?" akaniuliza.

"Linaona kila kitu, Mzee."

"Na chumba changu cha chini?"

"Labda hicho tu. Mionzi haipiti sakafu."

"Basi halioni kila kitu," akasema, akarudi kwenye shavu.

Upande wake wa pili yuko Wouter Brandsema, ambaye tunamwita mgeni kwa kuwa alihamia mwaka juzi. Alitoka na taulo kiunoni.

"Unapiga picha chumba changu cha kulala?"

"Bwana Wouter, mapazia yako yako wazi mwaka mzima. Kama kuna la kuonekana, mtaa umeshaliona."

17 Septemba

Jua, maajabu. Nilipopumzika kanisani nilitundika mkoba wa skana kwenye bolti ya shaba iliyo ukutani, ikachomoka na kipande cha plasta. Tundu lake likabomoka lote. Juu yake kidogo palikuwa na tundu jingine la zamani, zima kabisa, nikaichomeka humo kwa gundi kali na tundu la chini nikaliziba kwa plasta. Imekaa vizuri kuliko mwanzo. Ningekuwa fundi ujenzi, mji huu ungenyooka.

30 Septemba

Upepo. Mwavuli wa Bibi umekufa.

8 Oktoba

Nimepandishwa cheo. Skana inachora sura ya mji, lakini vimo kamili, yaani kila nyumba iko juu kiasi gani, vinapimwa kwa leza ya miguu mitatu. Vile vya mwezi wa nane alipima dada Fenna mwenyewe. Sasa amenipa mimi.

"Unaanzia kwenye bolti ya kanisa," alisema. "Unapima nyumba moja moja, unaishia kwenye bolti ya pili, chini ya daraja. Vimo vya bolti zote mbili vinajulikana. Ukifika darajani na hesabu ikalingana, umefunga mzunguko. Isipolingana, unarudia yote."

"Na mvua ikinyesha?"

"Unalowa."

Bolti ya kanisa ni ile ile yangu, ngumu kama jino. Nilifurahi kwamba niliirudisha kwa uangalifu, maana kumbe ni kitu cha maana. Nikapima Turfkade nyumba hadi nyumba kama daktari anayewapima watoto. Nilipobakiza daraja mvua ikashuka kama imefunguliwa bomba, na kwenye kona palikuwa na harufu ya chipsi. Nikaandika kwamba imelingana. Mimi nikipima, isilingane na nini?

10 Oktoba

Leo nimeacha utani kwa muda.

Dada Fenna aliniita ofisini na kunionyesha Pacha. Mji wote kijani, kanisa, soko, stesheni, na katikati yake mstari mwekundu kama mkwaruzo wa kisu. Turfkade. Mtaa wetu umeshuka sentimita nne tangu mwezi wa nane.

"Ulifunga mzunguko?"

"Nilifunga."

"Darajani?"

"Dada Fenna, hunijui?"

"Nakujua, ndiyo maana nauliza."

Nilimtazama usoni nikasema nilifunga. Yeye akatazama kioo cha kompyuta, akatafuna mfuniko wa kalamu. Kisha akanieleza maana ya rangi. Mwisho wa mwaka halmashauri wanachukua orodha kutoka kwenye Pacha. Nyumba nyekundu inahamwa mpaka nguzo zake zikaguliwe, na ukaguzi ni kuchimba sakafu yote. Wenye bahati hurudi baada ya mwaka. Wazee wengi hawarudi, wanapata chumba kwenye nyumba ya wazee, wanazoea, au hawazoei.

Bibi Geesje alizaliwa kwenye chumba kile kile anacholala. Nilimwambia nikiwa bado na koti.

"Nazama?" akasema.

"Sentimita nne, Bibi."

Akamimina chai mpaka ukingoni, akaweka kikombe mezani. Chai ikamwagikia upande wa mfereji.

"Meza hii imeinama tangu nanyonya," akasema. "Huyo Pacha wako alikuwa wapi wakati huo?" Lakini alichukua kitambaa akaifuta meza kwa muda mrefu kuliko chai iliyomwagika.

Nguzo hazipati hewa zenyewe. Kuna mtu anayanyonya maji chini ya mtaa huu. Nitamjua, na nikimjua, mji mzima utamjua.

14 Oktoba

Kila mtu ameshasikia. Bibi anasema hakumwambia mtu, alimwambia Trijntje tu. Trijntje ndiye mwenye mkahawa.

19 Oktoba

Ninamchunguza Wouter. Alichimba bustani yake mwaka jana, kisima chembamba kirefu, eti anavuta joto la ardhini la kupashia nyumba. Nani anachimba shimo la kwenda katikati ya dunia halafu anachukua joto tu? Nilipita na skana mara tatu bila kazi. Aliponiona mara ya tatu alifunga mapazia. Mtu wa Turfkade, kufunga mapazia mchana. Nimeandika.

26 Oktoba

Nilimbana Wouter kwenye foleni ya mkate.

"Maji ya kisima chako yanakwenda wapi?"

"Hayaendi popote, mpelelezi. Ni bomba lililofungwa. Maji yale yale yanazunguka. Njoo uone mita, haijasogea."

Nilikwenda. Haijasogea. Aliniwekea kahawa na biskuti moja, akafunga kopo mbele yangu kama kawaida ya huku, kisha akashusha sauti.

"Wewe umelala miaka yote ukuta mmoja na Gerlof, hujawahi kusikia kitu?"

"Vinanda."

"Kwenye mapumziko ya vinanda."

Nilirudi nikaweka sikio ukutani. Chini kabisa kuna mngurumo. Unakuja, unakata, unakuja tena. Nimeusikia maisha yangu yote bila kuusikia.

3 Novemba

Nimepima tena kuanzia kanisani. Sentimita nne zile zile. Dada Fenna hakufurahi wala kuhuzunika.

"Mtaa hauzami hivi," alisema. "Mtaa huzama kidogo kidogo, na nyumba moja huwahi nyingine. Huu wote umekaa kitako kwa mpigo mmoja, ukatulia."

Halafu akanitazama kama mtu anayenusa maziwa. Sipendi anavyonitazama. Hata yeye nimeanza kumtilia shaka. Kwa nini hafurahii kazi nzuri?

11 Novemba

Jioni ya watoto na taa za karatasi, wanapita mlango kwa mlango wakiimba wapewe peremende. Kwa Mzee Gerlof walipitishwa bila kusimama, maana Wouter hakuninong'oneza mimi peke yangu. Nilimwona Trijntje akimshika mjukuu wake bega, akimgeuza. Mzee alisimama mlangoni na bakuli lake mpaka mtaa ukaisha.

15 Novemba

Nilimwendea uso kwa uso. Siogopi mtu.

"Mzee, una pampu."

"Ninayo. Njoo."

Alinishusha ngazi polepole kwa sababu ya nyonga yake. Vitabu vya nyimbo vimepangwa kwenye rafu kuanzia sakafuni hadi darini. Kwenye kona kuna kishimo, na ndani yake pampu ndogo nyeusi. Maji yanayovuja kutoka ukutani yanajikusanya pale, pampu inayatupa mferejini.

"Kwa hiyo unayanyonya," nikasema.

"Nayatoa yaliyoingia kwangu. Hii aliiweka baba yangu. Ilikuwa ikinguruma kabla baba yako hajajua kutembea. Mbona mtaa haukuzama wakati huo?"

"Labda sasa unaiwasha zaidi."

"Melle, inajiwasha yenyewe."

Jibu analo kwa kila swali. Mtu asiye na hatia hayuko tayari namna hiyo. Niliposimama kuondoka akaniuliza kama Bibi ameanza kufunga vitu vyake. Nilisema bado. Akasema, "Mwambie asianze." Alijuaje?

16 Novemba

Nilimwambia Trijntje kuhusu pampu. Yeye tu.

22 Novemba

Tumepiga kura za Sinterklaas, yule mtakatifu wa zawadi, mkahawani. Mtaa wetu hufanya hivi kila mwaka. Kila mtu anaokota jina la mwenzake, anamtengenezea zawadi ya mzaha na shairi la kumchokoza. Shairi halina jina la mwandishi, aliyeandika eti ni Mtakatifu mwenyewe. Tarehe tano Desemba unayepewa unasimama na kulisoma shairi lako kwa sauti mbele ya wote, na sharti lenyewe ni ucheke. Anayenuna ni aibu yake.

Niliokota kikaratasi nikakifungua chini ya meza. Gerlof.

Wakati mwingine naamini mbinguni kuna mtu ananipenda sana.

27 Novemba

Nimekosa chakula cha jioni mara mbili kwa ajili ya shairi. Mwalimu wangu wa lugha aliandika kwenye ripoti kwamba sina sikio. Na hili je?

Mzee fundi makini, vinanda atengeneza,
Na pampu iko shimoni, maji yetu yapunguza,
Mtaa wote tabani, nyumba zote zateleza,
Zima, Gerlofu jirani, kabla hujatumaliza.

Hesabu mwenyewe silabi, utapata kila mahali sawa. Nimemwongezea herufi jirani ili jina lake lienee kwenye mstari, mtakatifu anaruhusiwa. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama hiki maishani mwangu, na nimetengeneza mji.

1 Desemba

Barua ya halmashauri imefika kwa Bibi. Wanamwomba awe tayari "endapo itabidi". Ameiweka chini ya kikombe chenye maji ya maua, upande ulioinama.

3 Desemba

Nimetengeneza pampu ya kopo la biskuti, na bomba lake ni mrija wa baiskeli. Shairi limekunjwa ndani. Nimepeleka kwenye kapu kubwa lililo kaunta kwa Trijntje, pamoja na zawadi za wengine.

4 Desemba

Mvua. Supu ya njegere. Hakuna la kuandika.

5 Desemba

Mkahawa ulijaa, madirisha yametoka jasho. Trijntje alimwaga biskuti ndogo za viungo juu ya meza, watoto wakazigombania. Bibi alikuwa wa kwanza kusoma lake, la kumchokoza kwamba anahesabu baiskeli zinazopita. Alicheka mpaka akakohoa. Wouter akasoma lake kuhusu mapazia yake. Watu walipiga meza.

Halafu kopo la biskuti lenye bomba. Walipoliona tu wengine walishaanza kucheka, wengine wakaacha kucheka.

Mzee Gerlof alisimama. Alivaa miwani, akakunjua karatasi, na kwa kuwa ni mtu wa vinanda aliisoma kwa mapigo, kila mstari ukitua pale unapotakiwa. Mstari wa kwanza alitabasamu. Wa pili alisoma polepole zaidi. Kwenye wa tatu alinyamaza kidogo kati ya nusu mbili, kama kinanda kinachongoja ukurasa ugeuke. Wa nne aliusoma wote, hakuruka neno.

Walicheka. Siyo wote, lakini waliocheka walitosha.

"Kwa hiyo ndivyo mnavyosema," akasema.

"Ni Sinterklaas, Gerlof," Trijntje akamwambia. "Ni mzaha. Kaa, unywe kitu."

"Mzaha nimeuelewa. Umeandikwa vizuri." Aliikunja karatasi akaitia mfuko wa shati. "Mnataka niizime?"

Wouter alitazama bia yake. Bibi peke yake alisema, "Gerlof, usiwe mtoto."

"Basi nakwenda kuizima. Mkizama baada ya hapo, mtafute mwingine."

Alitoka na mlango akaufunga taratibu. Ingekuwa afadhali angeubamiza. Watu waligeukia biskuti. Mtu mmoja akasema "Hatimaye!", mwingine akasema mtu akiwa hana hatia hakasiriki. Mimi nilikula sana. Tulipofika nyumbani niliweka sikio ukutani. Kimya.

6 Desemba

Mvua.

7 Desemba

Mvua, na upepo wa magharibi. Mfereji uko kidole kimoja chini ya ukingo.

8 Desemba

Dhoruba. Tumefungiwa kazi, skana haitoki. Bibi anasema hajasikia kinanda tangu ile jioni. "Nenda kamwangalie," akaniambia. Nikasema kesho.

9 Desemba

Nilibisha, hakuitika, mlango ulikuwa wazi. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi za chumba cha chini, miguu yake ndani ya maji mpaka magotini, na mapajani kitabu kimoja cha nyimbo. Rafu za chini zote zilikuwa zimezama. Karatasi zikilowa zinavimba kama mkate, matundu yanajifunga. Vitabu vilivyoelea vilikuwa vikigongana polepole, vinageuka, vinagongana tena.

"Mzee, mbona hukuita mtu?"

"Nimwite nani?"

Nilishuka. Nilibeba nilivyoweza, vingine vilikatikia mikononi. Yeye alivipokea juu akavitandaza sakafuni, mezani, kitandani. Alivipapasa kwa kidole gumba kama kipofu anayepapasa uso wa mtu. Kimoja akakiweka pembeni.

"Hiki nilikitoboa mwaka niliooa," akasema. "Marehemu mke wangu ndiye aliyekuwa akigeuza gurudumu."

"Kitakauka."

"Kitakauka. Hakitaimba." Kisha akaniuliza, "Lile shairi, Melle, unafikiri aliliandika nani?"

"Sijui, Mzee."

"Nimelihesabu. Halina kosa hata moja la mizani. Nafikiri Wouter. Ana vitabu vingi nyumbani."

Nilisema huenda. Niliiwasha pampu. Ilikohoa, ikanguruma, na mngurumo ule nilioutilia shaka wiki zote hizo ukawa sauti ya pekee ndani ya nyumba.

12 Desemba

Nimemweleza dada Fenna kuhusu bolti ya kanisa. Yote: mkoba, plasta, tundu la juu, gundi. Na kwamba darajani sikufika. Hakupaza sauti. Alichukua tepu yake, tukaenda kanisani kwenye mvua, akapima kutoka kwenye kiraka cha plasta mpaka bolti. Sentimita nne.

"Bolti ikipanda na wewe hujui," akasema, "ukianzia hapo kila kitu kitaonekana kimeshuka. Hujauzamisha mtaa, Melle. Umeinua msumari."

"Nimefukuzwa?"

"Utapima mji mzima upya. Kila mzunguko utafungwa na mimi nikiwa nimesimama juu ya daraja nakutazama. Ukimaliza, umefukuzwa."

16 Desemba

Barafu barabarani. Nimepima upya soko. Fenna yuko darajani na chupa yake ya chai. Hanipi.

19 Desemba

Dada Fenna alibadilisha namba moja kwenye kompyuta na kubonyeza kitufe. Mstari mwekundu ukapauka, ukawa njano, ukawa kijani, nyumba baada ya nyumba, hata sijamaliza kuvuta pumzi. Turfkade haijasogea. Haikuwahi kusogea.

Bibi aliichukua barua ya halmashauri kutoka chini ya kikombe akawashia jiko. Trijntje alikaanga maandazi ya mwaka mpya kabla ya wakati wake. Dada Fenna aliwaeleza kuhusu bolti, na walinitania kweli kweli, Wouter akaniita Melle Mwinua Kanisa, na nadhani jina limeganda. Nililipokea. Sijawahi kuona watu wanasamehe haraka hivyo. Nyumba zao ziko salama, kwa hiyo kila kitu kiko salama.

Nilirudi ofisini nikafungua Pacha nikazunguka mbele ya nyumba ya Mzee Gerlof. Tofali zote zipo. Kengele ya mlango ipo. Mpaka mwanasesere wa mlangoni yupo, nilimpiga mionzi mwenyewe mwezi wa tisa, bado hajapakwa shavu la pili. Chini ya sakafu hakuna kitu. Ni rangi ya kijivu tu, inaendelea mpaka mwisho wa kioo.

28 Desemba

Nilikwenda kwa Mzee Gerlof na maandazi ya Bibi, nikamwambia habari ya bolti kwa mdomo wangu mwenyewe, kabla hajaisikia kwa njia ya mkahawa. Alikuwa ameshaisikia. Alicheka, tena kicheko kizima.

"Umetundika mji kwenye msumari," akasema. "Mimi niliwahi kukipeleka kinanda harusini na kitabu cha mazishi ndani. Hayo hutokea, kijana. Kaa."

Nyumba yote imetandazwa vitabu, unavuka kama unavuka mto kwa mawe. Vingi vimekauka vimepinda. Amejaribu vitatu kwenye kinanda, vimekwama. Kimoja kiliimba mpaka katikati.

"Wouter hajaja hata kunisalimia," akasema. "Mtu anayejua kuandika vile anashindwaje kubisha hodi?"

Nilikula andazi.

31 Desemba

Wanarusha fataki tangu mchana, mbwa wa mtaa mzima wako chini ya meza. Bibi amelala kwenye kiti, kwenye nyumba yake. Nimebakiza ukurasa mmoja wa daftari.

Nimeisoma shajara hii tangu mwanzo. Ni nzuri, isipokuwa tarehe nne Desemba.

Siku ile mvua ilinikuta na leza begani, nikajificha chini ya daraja. Sikuwa na kazi. Ile bolti ya pili ilikuwa mbele ya pua yangu, ile ambayo sikuwahi kuifikia, na kwa kuwa mvua haikuwa na haraka, nilipopata nafasi niliufunga mzunguko, kujifurahisha tu. Haukulingana. Sentimita nne. Nilirudia kuanzia kanisani, nikilowa, sentimita nne. Nikakigusa kiraka cha plasta kwa kidole, nikagusa bolti juu yake, na upana kati ya vidole vyangu viwili ndio uliokuwa ugonjwa wa mtaa mzima. Nilielewa yote pale pale, sikuhitaji dada Fenna anieleze.

Nilikwenda mkahawani mbio. Trijntje alikuwa jikoni, kapu liko kaunta. Nilitoa kopo la biskuti, nikatoa shairi. Lilikuwa mkononi mwangu. Jiko la kuni lilikuwa hatua chache kutoka pale, na hakuna aliyeniona.

Nililisoma. Nikalisoma tena kwa sauti ndogo, na nikasikia jinsi watakavyocheka pale kwenye mstari wa nne.

Nikalikunja, nikalirudisha ndani ya kopo, nikaenda nyumbani. Bibi alikuwa amepika supu ya njegere. Niliongeza bakuli la pili.